Sauti ya Nyuma ya Mbao

Habari ya kifo chake ilinifikia baada ya sala ya alasiri, nikiwa bado sijainuka kwenye mkeka. Binti yake alipiga simu kutoka Kabuku, akaniamkia shikamoo kwa sauti iliyokauka, nami nikajua kabla hajaendelea. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na Kwake tutarejea. Alinieleza kwamba baba yake alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake, amemaliza uji, jua likiwaka, hana maumivu ya kumtisha mtu. Kisha akainua kichwa kama mtu aliyesikia jina lake na kusema kwa sauti nzima, "Naja." Mkewe, aliyekuwa jikoni, alidhani kuna mgeni mlangoni. Alipotoka hakuona mgeni, na mumewe alikuwa amekwisha kwenda. "Maalim," binti akaniuliza, "mama anasema hakumwita. Hakuna aliyemwita. Baba alikuwa anamwitikia nani?" Nilimwambia tutazungumza nikifika mazikoni. Tulizungumza, na ameniruhusu niwaandikie ninyi wasomaji wangu yale niliyomweleza, mradi nisitaje jina la mtu.

Wanaopita barabara ya Segera kwenda Chalinze na kusimama Kabuku kununua maji au sabuni, huenda walimwona bila kumjua. Duka lake lilikuwa dogo, meza ya mbele imelainika kwa viwiko vya wateja, na nyuma yake palikuwa na chumba cha magunia. Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu wote wa pale: hakuweza kuacha kuitika. Ukimwita kutoka barabarani aliitika. Mtu akiita jina linalokaribiana na lake ng'ambo ya pili, aliitika pia. Watoto waliigundua tabia hiyo wakaifanya mchezo. Walijificha nyuma ya duka na kuita "Mzee!", naye, hata kama alikuwa anampimia mtu sukari, alijibu "Naja!", akaweka upawa chini, akazunguka nyuma na kukuta vumbi na vicheko. Siku moja dereva wa lori alimwambia mbele yangu, "Mzee, hawa wanakuchezea. Kaa tu, watachoka wenyewe." Akajibu, "Wao wakichoka ni sawa, mwanangu. Mimi ndiye sitakiwi kuchoka." Dereva alinitazama kama anayeniuliza iwapo akili za mzee ni timamu. Nilijua kwamba mtu huyu anayewaitikia watoto watundu aliwahi kuitwa mahali fulani akanyamaza, na tangu siku hiyo kunyamaza kulimchoma.

Nirudi nyuma kidogo. Uhuru ulipokuja, mimi nilikuwa nafundisha watoto Kurani katika shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, na yeye, kijana wa Kizigua kutoka Handeni, alikuja baada ya miaka michache kuwa ofisa wa ustawi wa wafanyakazi. Juu ya kilima, mbali na korona, mtambo wa kusindika mkonge, na moshi wake, mameneja wa Kizungu walikuwa na klabu yao. Sisi tuliijua kwa paa lake tu. Shamba lilipochukuliwa na taifa na wenye klabu wakaondoka, tuliingia kwa mara ya kwanza, viatu mkononi kama waingiao msikitini, tukakuta chumba kirefu chembamba chenye sakafu ya mbao iliyong'aa. Mwisho wa sakafu ile vilisimama vigingi tisa vya mti mweupe, na nyuma yake ukuta wa mbao wenye nafasi chini. Unaviringisha tufe zito la mti mweusi, vigingi vinaanguka, unahesabiwa. Wao waliita mchezo huo kwa lugha yao, sisi tukauita bolingi. Wengi wetu tuliutazama tukacheka. Yeye hakucheka. Alisema mpira kila mtu anao, lakini ligi ya bolingi hakuna wilaya iliyonayo, na hii itakuwa ligi ya wachezaji wa kulipwa, mtu aachiwe kukata mkonge ili mkono wake uwe wa tufe.

Ilibidi akaieleze nia hiyo kwenye mkutano wa hadhara, maana ilikuwa miaka ya Ujamaa na hakuna aliyefanya jambo peke yake. Nakumbuka mama mmoja aliyesimama na mtoto mgongoni akauliza, "Vikishaanguka mnafanya nini?" Akaambiwa vinasimamishwa. "Halafu?" Vinaangushwa tena. Akakaa akisema, "Basi mmepata kazi isiyokwisha, kama kupalilia. Ila sisi tukipalilia tunakula." Watu walicheka sana, na yeye akacheka nao, lakini alishinda. Alikuwa na ulimi mtamu na subira ya mtu anayepanda mnazi. Timu zikapatikana nne: moja ya shamba letu, moja ya Kwashemshi, moja ya Mpale milimani waliokuja na makoti yao ya baridi hata kukiwa na joto, na moja ya Handeni, kwao, ambayo aliipenda kuliko zote ingawa alijitahidi isionekane. Wote walicheza katika ukumbi ule mmoja, wakiletwa na lori la shamba. Tukamwita Katibu, na jina hilo likamkaa.

Jambo moja tulilirithi pamoja na ukumbi, wala hatukulitazama vizuri. Nyuma ya ule ukuta wa mbao, ndani ya shimo lenye kina cha kiuno, alikuwamo mtu. Alikuwa mzee aliyekuja ujanani kama manamba, kutoka mbali sana, mpaka lugha ya kwao ilikuwa imekwisha kumtoka kinywani kwa kukosa mwenzake wa kuzungumza naye. Kazi yake maisha yake yote ilikuwa kusimika vigingi. Mameneja hawakumjua sura, walijua sauti yake. Sakafu chini ya kigingi cha mbele ilikuwa imedidimia, na kigingi hicho kilipenda kulala. Kwa hiyo mzee alivisimika vyote, akakishika kile cha mbele kwa mkono kupitia nafasi ya chini ya ukuta, kisha akaita, "Tayari!" Mrushaji alitakiwa kuitikia, "Naja!" Mzee akisikia hivyo alikiachia, kikasimama kwa kitambo kifupi, naye akapanda haraka juu ya benchi lililogongomelewa ukutani, miguu juu, na tufe likapita. Asiposikia jibu, aliendelea kuinama na kushika. Ndiyo ilikuwa kanuni, na ilikuwa imemlinda miaka yote.

Sasa, anayetoka kwetu anajua tulivyolelewa. Sauti ambayo mwenyewe humwoni haiitikiwi. Ukiitwa kutoka kichakani, au nyuma ya nyumba wakati wa jua kali, unanyamaza kwanza, unakwenda kutazama, kwa sababu anayeitika bila kuona amejitoa. Nimesoma dini maisha yangu yote na ninajua kwamba mwenye kuita roho ni Mmoja tu, lakini nawaambieni ukweli, bibi yangu alinifundisha hilo kabla sijafundishwa alifu, na lilikaa chini ya alifu. Wenzetu wa shamba, waliokuwa wamesikia sauti ya mzee siku nyingi, waliizoea upesi, na wale wa Mpale na Kwashemshi wakawaiga. Wale wa Handeni hawakuweza. Sauti ile ilitoka shimoni, nyuma ya mbao, nzito na ya mbali kama ya mtu aliye kisimani. Walipoitwa "Tayari!" waliweka tufe chini, wakatembea sakafu nzima mpaka mwisho, wakainama kuchungulia, wakamwamkia mzee shikamoo, wakarudi, na mchezo ukakatika. Vijana wa shamba waliwazomea. "Mnaogopa mtu anayekula ugali kama ninyi?" Mkubwa wa timu ya Handeni, mkulima mwenye mikono ya kukata magogo, alijibu kwa upole, "Hatuogopi anayekula. Tunataka kumwona akila."

Jumamosi moja walialikwa wakubwa wa wilaya na wa chama. Katibu alivaa tai. Yule mkulima wa Handeni alimwendea kabla ya mchezo kuanza, nami nilikuwa nimesimama karibu. Alimwambia, "Katibu, wewe ni mwenzetu, na mzee huyu unamjua. Tukifika zamu yetu, itikia wewe kwa niaba yetu." Lilikuwa ombi jepesi. Katibu alicheka, akamgonga begani, akatazama wageni. Kisha akatoa uamuzi: watu wa Handeni wasiitikie, wangoje kidogo tu, halafu warushe. Akaenda kumwambia mzee kule nyuma kwamba zamu ya Handeni akishaita apande benchi moja kwa moja, asingoje jibu. Mzee alisema, "Kigingi cha mbele hakisimami chenyewe, Bwana Katibu. Nakishika mpaka niitikiwe." Akaambiwa, "Kikianguka kianguke, mzee wangu. Wewe ita, upande." Mzee akasema, "Haya," na ninaamini alikubali kwa moyo.

Lakini mazoea yana taabu. Kichwa chake kilikuwa kimekubali, mkono haukuambiwa. Zamu ya Handeni ilipofika tulisikia "Tayari!" Yule mkulima akasimama na tufe, midomo imefungwa. Ukumbi ulinyamaza, na unyamavu ule ninaukumbuka kuliko kelele zozote za maisha yangu, kwa sababu ndani yake, nyuma ya mbao, kulikuwa na mtu anayengoja. Mkulima akangoja kama alivyoambiwa. Kisha akarusha. Tufe liliviringika kwa sauti ile ya radi ya mbali, vigingi vikatawanyika huku na huku, watu wakapiga makofi. Makofi yaliendelea kwa muda kabla hatujaona kwamba hakuna mkono unaotoka kusimika tena.

Alipigwa kichwani. Alitolewa shimoni akiwa anapumua, akaomba maji, akasema ni mzima, akamwomba radhi yule mkulima kwa kuharibu mchezo wake. Tulimpeleka hospitali Korogwe kwa lile lori. Katibu alibaki kuwaaga wageni, akapanga kumfuata asubuhi, na asubuhi alipofika alikuta kitanda kimekwisha kutandikwa upya. Tulimzika kwenye makaburi ya Waislamu, kwa kuwa Ijumaa alikuwa akisali safu ya nyuma kabisa karibu na mlango, wala hatukupata jamaa wa kumpelekea habari. Katibu aliingia kaburini mwenyewe kumpokea. Mkulima wa Handeni alirudi kwao shambani na hakuna aliyemlaumu. Ligi haikufika mvua za vuli.

Baadaye wapita njia walianza kusema. Wanawake waliokwenda kuokota kuni kilimani, mchana kweupe, walisikia mtu akiita ndani ya klabu iliyofungwa. Mimi niliwakataza wasieneze maneno. Halafu ilipoamuliwa kwamba ukumbi uwe ghala la mahindi ya kijiji, Katibu alinifuata madrasa akasema, "Maalim, twende wote tukatoe vile vitu. Sitaki kwenda peke yangu." Adhuhuri ilikuwa imepita, joto limelala juu ya mkonge, hakuna ndege. Vigingi tulikuwa tumevitia guniani siku ya msiba, kwa mikono yetu wenyewe, na ufunguo alikuwa nao yeye. Alifungua mlango. Gunia lilikuwa palepale pembeni, limekunjwa vizuri. Mwisho wa sakafu, katika mwanga mdogo uliopenya dirishani, vigingi tisa vilikuwa vimesimama. Hata kile cha mbele kilikuwa wima, penye bonde lile ambalo hakikuweza kusimama bila kushikwa.

Kisha tukasikia, "Tayari." Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu mvumilivu aliyekwisha kusema neno hilo mara nyingi. Sisemi zaidi ya nilichosikia, wala sitawaeleza ninyi ni nini, kwa kuwa elimu hiyo sikupewa. Nilianza kusoma Ayatul Kursiy. Katibu alifungua kinywa. Niliona ulimi wake ukijaribu, mtu mzima mwenye watu chini yake. Ikaita tena. Akaweka kiganja juu ya mdomo, kama mtoto aliyekatazwa na bibi yake, na machozi yakapita juu ya vidole. Tukatoka kinyumenyume. Ghala lilijengwa mahali pengine. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana wengi walifurahi.

Tulipokuwa tunashuka kilima alisema neno moja tu: "Bado ameinama." Sikumwelewa siku hiyo. Nilimwelewa miaka ya baadaye, Kabuku, alikohamia na kufungua duka, aliponieleza kwamba hakuwahi kuogopa kuwa mzee yule anamtafuta ili amdhuru. Alichoogopa ni kwamba mzee yuko palepale chini, mkono umeshika kigingi, hawezi kupanda benchi kwa sababu hajaitikiwa. "Neno lenyewe dogo, Maalim. Yule bwana aliniomba nilitamke kwa niaba yao, nikaona aibu kusema kwamba hata mimi, Katibu mwenye tai, naogopa." Akaniuliza kama maiti anaweza kumpa mtu radhi. Nilimwambia haki ya mja iko kwa mja mwenyewe, lakini Mola ana njia za kuwapatanisha waja Wake tusizozijua, amwombee na amtolee sadaka. Kila mwaka alisoma khitma na kupika pilau. Watu wa Kabuku walikula wakidhani ni ya marehemu baba yake.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na naona halikuwa la sauti peke yake. Tulipopata Uhuru tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, namshukuru Mungu nimeuona. Tulibadilisha wanaoingia klabu kwa mlango wa mbele. Tulibadilisha mkono unaorusha, tukaulipa na kuupigia makofi. Aliye nyuma ya mbao hatukumbadilishia kitu. Ligi ilikuwa ya wachezaji wa kulipwa, na yeye, ambaye bila yeye hakuna mchezo, alibaki na posho yake ya zamani kwa sababu hakuhesabiwa kuwa mchezaji. Hata sisi tuliohubiri kila Ijumaa kwamba watu ni sawa kama meno ya kitana, tulimwita "mzee wa nyuma" na tukaona ni jina la heshima. Watu wa Handeni, tuliowacheka kwa ushamba wao, ndio peke yao waliotembea sakafu nzima kwenda kumtazama uso na kumwamkia. Laiti tungewaacha waendelee kufanya hivyo kila zamu, mchezo ukatike unavyotaka.

Baada ya mazishi nilimwomba mpwa wangu anipitishe Korogwe tulipokuwa tunarudi. Tulipanda kilima kwa miguu, polepole, maana magoti yangu hayana haraka tena. Klabu haipo. Paa lilikwenda, mbao zilikwisha kung'olewa zamani kwa ajili ya milango na majeneza, imebaki saruji iliyopasuka na mkonge pori umeota ndani ya lile shimo. Ulikuwa wakati uleule, adhuhuri imepita, hakuna upepo. Nilimwambia mpwa wangu anisubiri chini, nikasimama pale warushaji walipokuwa wakisimama. Nilikuwa nimeazimia kwamba nikiitwa, safari hii nitaitika. Hakuna aliyeita. Nilingoja mpaka kivuli changu kikasogea. Kisha, kutoka kule mwisho, nilisikia ubao ukilia, mlio mfupi wa benchi kuukuu linapopokea uzito wa mtu anayepanda na kukaa. Kukawa kimya, na kilikuwa kimya chepesi.

Nilipompigia simu binti yake kumweleza na hilo, alilia kidogo, halafu akauliza kama kweli baba yake alikuwa akiitwa siku zote zile. Nilimjibu kwamba sote tunaitwa, na siku ya mwisho kila mmoja ataitika, apende asipende, bila kwenda kuchungulia kwanza ni nani. Lakini kabla ya siku hiyo kuna wengi wanaotuita kutoka mahali tusipowaona, nyuma ya mbao za kila namna, wametusimikia maisha yetu na mkono wao bado umeshika. Wanachongoja kwetu ni neno dogo la kuwajulisha kwamba wamesikika, ili nao wapande wakae. Tuseme neno hilo mapema, tukiwa bado na pumzi ya kusema lingine baada yake.